Kuchagua mkokoteni wa punda

Watu wengi wanaponunua mkokoteni huuliza swali moja tu: unabeba magunia mangapi? Ni vizuri kuanza na swali jingine: punda wangu atauvutaje? Huko Dodoma punda huvuta maji, na Mwea nchini Kenya huvuta mpunga. Punda akipata vidonda au akiumia mguu, familia nzima hukosa kipato. Kabla ya kulipa, angalia mambo haya.

Magurudumu mawili au manne? Mkokoteni wa magurudumu mawili ni mwepesi, una bei nafuu na hugeuka kwa urahisi. Lakini sehemu ya uzito humwelemea punda kupitia miti ya kuvutia. Wenye magurudumu manne hubeba uzito wote wenyewe, ila ni mzito na ghali. Unafaa punda wawili kwenye barabara nzuri.

Ekseli. Ekseli ya gari kuukuu ni imara, lakini ikiwa nzito punda ataivuta hata akirudi bila mzigo. Zungusha kila gurudumu kwa mkono. Likikwaruza au kuyumba, kagua beringi.

Matairi. Matairi ya upepo hupunguza mtikisiko. Chagua ukubwa unaopatikana mjini kwenu.

Breki. Kwenye mteremko, mkokoteni usio na breki humsukuma punda kutoka nyuma. Mfungie pia mkanda unaopita nyuma ya mapaja, ili aweze kuuzuia.

Mikanda. Usitumie nira ya ng'ombe. Punda hana nundu. Yeye husukuma kwa kifua. Tumia mkanda mpana na laini wa kifuani, usiobana koo.

Jaribio rahisi
Weka mzigo wako wa kawaida. Kwa mfano, madumu 10 ya maji ya lita 20 ni kilo 200. Kisha simama mwenyewe katikati ya miti na uinyanyue hadi kimo cha mgongo wa punda.
• Ikikulemea, itamlemea na yeye. Sogeza mzigo nyuma kidogo.
• Ikipanda yenyewe, mzigo uko nyuma mno. Usogeze mbele.
• Ukiishika bila taabu, mizani ni nzuri.

Mzigo usipokaa sawa hata baada ya kuusogeza, ekseli imefungwa mahali pasipofaa. Mwombe fundi airekebishe kabla hujatoa pesa.

Jadilini katika kikundi: Je, punda wenu wana vidonda? Viko sehemu gani ya mwili? Ni kitu gani kinachogusa hapo?