Je, Wajua? Iten Maji Huchemka Mapema

Ukipiga kambi Iten, mji mdogo ulio makao makuu ya Kaunti ya Elgeyo Marakwet nchini Kenya, maji yako yatachemka kwenye nyuzijoto 92 hivi, si 100. Mji uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko kanieneo ya hewa ni ndogo. Chai haina neno. Shida ni maharagwe: sufuria inatokota, kuni zinakwisha, na punje bado ngumu. Beba yaliyokwisha kuchemshwa.

Hewa hiyohiyo nyepesi ndiyo inayowavuta wanariadha. Alfajiri utasikia vishindo vyao kwenye barabara ya udongo mwekundu kabla hujafungua zipu ya hema. Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, alisoma hapa, St. Patrick's.

Pembeni mwa mji ardhi inakatika ghafla kuelekea Bonde la Kerio, kwenye joto, miiba na maembe. Sweta huko ni mzigo tu. Upande wa kaskazini, Wamarakwet walichimba mifereji kwenye genge hilo karne nyingi zilizopita, na mingine ingali inamwagilia mashamba ya bondeni.