Njumu Kwanza, Jezi Baadaye

Anayetaka kujua kwa nini vifaa vya timu za shule huchakaa upesi aangalie kalenda. Mchujo wa michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya sekondari, UMISSETA, huanzia shuleni, ukapanda kata, wilaya na mkoa, ili timu za mikoa zikutane kitaifa katikati ya mwaka. Kwa mpangilio huo, mechi nyingi za mchujo huangukia Aprili na Mei, masika yenyewe. Na hapa Morogoro, mvua ya Uluguru ikishaamua kushuka haisubiri timu isafiri.

Jumamosi hii imenyesha tangu alfajiri, na timu ya shule ninayofundisha michezo inaondoka Jumatatu. Stoo ya shule inavuja, kwa hiyo vifaa vyote viko sebuleni kwangu. Kamba zimefungwa kutoka nondo za dirisha hadi juu ya mlango, jezi zimegeuzwa ndani nje ili namba za mgongoni zisibanduke. Jezi hazinitishi. Uzi wa poliesta haushiki maji mengi. Ukiikamua vizuri na dirisha likapitisha upepo, hadi jioni imekauka. Shida iko kwenye soksi za pamba na viatu. Kiatu kilicholowa natoa kamba, natoa soli ya ndani, nakijaza magazeti makavu na kuyabadilisha kila yanapolowa. Ukikiweka karibu na moto, gundi inaachia na soli itabaki uwanjani.

Jirani amenishauri kwa nia njema niwashe jiko la mkaa, nifunge madirisha, nguo zikauke haraka. Nimemkatalia, na ninamwomba kila msomaji akatae pia. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haionekani wala hainuki, na imeua familia zikiwa usingizini. Heri mtoto acheze na soksi mbichi.

Kwenye mipira nimekuwa mkali. Mpira wa namba 5 unatakiwa uwe na gramu 410 hadi 450 mchezo unapoanza. Ule uliopasuka ngozi na kuachia nyuzi hunywa maji ukawa mzito, na mwenye kuulipia uzito huo ni mtoto anayeupiga kichwa. Miwili nimeiweka kando, haisafiri. Mingine nimeipunguza upepo kidogo, na pampu nimeifunga pamoja na sindano zake, kwa sababu pampu bila sindano ni mzigo tu. Herufi za netiboli nimezitandika mkekani, kuanzia GS hadi GK, saba kamili, na seti ya pili ya akiba.

Mchana amekuja mchezaji wetu wa pembeni, mwavuli umepinduliwa na upepo.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona umelowa hivyo?”

Alikuwa ameleta soksi zake, lakini hakuondoka. Baadaye akasema njumu alizoazima kwa dada yake zinambana, je, anaruhusiwa kucheza na raba? Nikamwambia avue, asimame juu ya karatasi ya daftari, nikachora unyayo wake kwa kalamu. Kidole gumba kilikuwa na kucha nyeusi. Alikuwa amecheza hivyo mchujo wote wa wilaya bila kusema neno.

Kuchora nyayo ni kazi ya dakika chache na inasaidia sana. Mzazi anaichukua karatasi hadi mitumbani, anaiingiza ndani ya kiatu, anajua. Namba iliyoandikwa kwenye soli haitoshi, maana viatu vya mitumba hutoka nchi tofauti zenye vipimo tofauti. Ila wapo wazazi ambao hata viatu vya mitumba hawavimudu, na watoto wao ndio wanaocheza kwa zamu ya viatu: anayetoka anavua, anayeingia anavaa. Hata vikinga vya ugoko, ambavyo Sheria ya 4 ya soka inavifanya lazima, hubadilishana hivyo hivyo pembeni mwa uwanja huku mwamuzi akisubiri.

Mfuko wa wasichana naupanga mwenyewe na hauguswi na mtu mwingine: pedi, bukta nyeusi za akiba, sabuni, pini, kanga mbili. Msichana asiye na uhakika wa vitu hivyo husema anaumwa tumbo na kubaki benchi, na kocha huandika kwamba hana moyo wa mchezo. Hilo linaniuma kuliko kufungwa.

Fomu za usajili na vyeti vya kuzaliwa nimeviweka kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na bandeji na chumvi za kuongeza maji mwilini. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mifuko mbadala haizuii mvua, na mizigo ya juu ya basi huloa hata ikifunikwa turubai.

Wafadhili wetu hupenda kununua jezi, kwa kuwa jina lao linaonekana kifuani, na ninawashukuru kwa dhati. Lakini jezi tunazo seti mbili, na njumu nzima ni za nusu ya timu. Kamati ya wazazi ikikutana mwisho wa mwezi nitaomba fungu la mwaka huu linunue viatu kwanza, kwa kipimo cha kila mtoto, na jezi zisubiri.