Spitfire Hairushwi na Springi

Swali limerudi tena, safari hii kwa herufi kubwa: nipakue faili gani ili ndege ya Spitfire katika gemu ya DCS World iache kudunda ikitua? Hakuna faili hilo. Muulizaji ameshaamini kwamba watengenezaji wa gemu wamekaza springi za magurudumu kupita kiasi, ndiyo maana ndege ikigusa lami inaruka, inalalia bawa la kushoto na kuvunjika. Wenzake wamemuunga mkono, wakampa na dawa: ingia na kasi kubwa zaidi, utakuwa salama.

Tuanze na hizo springi. Spitfire ina magurudumu makubwa mawili mbele na dogo moja mkiani, na kitovu cha uzito wake kiko nyuma ya yale makubwa. Ukiibamiza kwa magurudumu ya mbele, yenyewe yanakoma kushuka lakini uzito ulioko nyuma yake bado unashuka. Mkia unadidimia, pua inainuka, bawa linakutana na upepo kwa pembe kubwa zaidi, nalo linanyanyua, maana ndiyo kazi yake. Ndege imepaa upya. Ifunge magurudumu ya mbao yasiyo na shokapu hata moja, bado itapaa. Marubani wa Vita Kuu ya Pili walirushwa vivyo hivyo, na hawakuwa na gemu ya kulaumu.

Sasa hiyo dawa, ambayo kwa kweli ndiyo ugonjwa. Nguvu ya kunyanyua hukua kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Spitfire Mk IX huvuka ukingo wa njia ikiwa na takriban maili 100 kwa saa. Wewe unakuja na 120. Piga hesabu: 1.2 mara 1.2 ni 1.44. Kwa pembe ileile, bawa lako lina nguvu asilimia 44 zaidi ya inavyohitajika, halafu unashangaa ndege haitaki kukaa chini! Hapo unasukuma fimbo mbele kuilazimisha. Inagonga kwa nguvu zaidi, mkia unadidimia zaidi, mruko wa pili unaupita wa kwanza, na kwenye wa tatu propela inachimba lami. Ukishtuka ukafungua injini yote ghafla wakati kasi imekwisha, injini yake ya Merlin inaivuta ndege kushoto na usukani wa mkia hauna upepo wa kutosha kuizuia. Ndilo hilo bawa mnaloliita hitilafu.

“Mbona ndege ya Mustang hainisumbui?” Inafuata kanuni zilezile, ila magurudumu yake yameachana kama mita 3.6, ya Spitfire mita 1.7 tu. Inakusamehe, basi.

Hitilafu za kweli zipo, na nyingi ziko mezani kwako. Fungua ukurasa wa vidhibiti: mhimili wa breki ukiwa kinyume, unatua breki zimeshikwa kabisa bila wewe kugusa kitu. Fimbo na kidhibiti cha injini vikipangiwa mhimili uleule, vinagombana. Futa mpangilio mmoja. Kisha teremsha flapu (ni chini au juu, katikati hakuna), sawazisha ndege, ingia kwa kukata kona kwa sababu pua inaficha njia, tazama mbali, si chini ya bawa. Karibu mita moja juu ya lami toa nguvu, vuta fimbo taratibu, izuie isitue mpaka magurudumu yote matatu yaguse pamoja. Ikiruka kidogo, tulia na fimbo. Ikiruka sana, ongeza nguvu polepole, zunguka, uje tena. Ikikaa, fimbo nyuma kabisa, miguu icheze haraka kwa miguso midogo, breki baadaye.

Wenye ndege ya F/A-18, haya hayawahusu. Ninyi mnashuka bawa likikutana na upepo kwa pembe ya nyuzi 8.1, mnaishikilia mpaka mguse, bila kuinua pua, na magurudumu yale yamejengwa kubamizwa.