Fahamu: Kwa Nini Mali Imeshuhudia Mapinduzi Matano ya Kijeshi Tangu Uhuru

Na Mwandishi Wetu

Tangu ilipopata uhuru wake kutoka kwa Ufaransa tarehe 22 Septemba, 1960, Jamhuri ya Mali imeshuhudia wanajeshi wakiuondoa madarakani uongozi wa nchi mara tano: mwaka 1968, 1991, 2012, 2020 na 2021. Makala haya yanaeleza chanzo cha mapinduzi hayo, hatua zilizochukuliwa na jumuiya za Afrika, na gharama iliyobebwa na wananchi.

Mapinduzi ya kwanza yalifanyika Novemba 1968, pale Luteni Moussa Traoré na wenzake walipomwondoa Rais wa kwanza, Modibo Keïta. Traoré alitawala kwa zaidi ya miaka 22. Machi 1991, baada ya vikosi vyake kuwafyatulia risasi waandamanaji waliodai vyama vingi, Luteni Kanali Amadou Toumani Touré alimkamata na kuunda serikali ya mpito. Ilipofika Juni 1992 Touré alikabidhi madaraka kwa Rais aliyechaguliwa, Alpha Oumar Konaré, ambaye naye aling'atuka mwaka 2002 baada ya vipindi viwili. Kwa miaka 20 Mali ilitajwa kuwa mfano wa demokrasia katika Afrika Magharibi.

Mwaka 2012: Siku Kumi za Msiba

Mfano huo ulivunjika tarehe 22 Machi, 2012. Baada ya utawala wa Muammar Gaddafi kuanguka nchini Libya mwaka 2011, wapiganaji wa Kituareg walirejea kaskazini mwa Mali wakiwa na silaha nyingi na kuanzisha uasi. Wanajeshi wa kambi ya Kati, jirani na Bamako, wakiongozwa na Kapteni Amadou Sanogo, walilalamika kwamba serikali inawapeleka vitani bila zana za kutosha. Walimpindua Rais Touré, aliyekuwa amechaguliwa mwaka 2002, ukiwa umebaki takribani mwezi mmoja kabla ya uchaguzi ambao yeye mwenyewe hakuwa mgombea.

Matokeo yake yalikuwa kinyume cha madai yao. Ndani ya siku kumi, huku mlolongo wa amri jeshini ukiwa umevurugika, miji ya Kidal, Gao na Timbuktu iliangukia mikononi mwa waasi na vikundi vyenye itikadi kali. Huko Timbuktu, makaburi ya mawalii yaliyoenziwa kwa karne nyingi yalibomolewa. Mapinduzi yaliyodaiwa kuinusuru nchi yalifungua mlango wa kupotea kwa nusu yake, hadi majeshi ya Ufaransa na ya Afrika yalipoingia kuikomboa mwaka 2013.

Mwaka 2020 na 2021

Rais Ibrahim Boubacar Keïta, aliyechaguliwa mwaka 2013 na tena 2018, alikabiliwa na mashambulizi yaliyosambaa hadi katikati ya nchi, tuhuma za ufisadi, na mgogoro wa uchaguzi wa wabunge wa mwaka 2020 baada ya Mahakama ya Katiba kubatilisha baadhi ya matokeo. Maandamano makubwa yalifuata, na tarehe 18 Agosti, 2020 wanajeshi walimkamata.

Bah Ndaw aliteuliwa kuwa Rais wa mpito, na Kanali Assimi Goïta kuwa Makamu wake. Tarehe 24 Mei, 2021, saa chache baada ya mabadiliko ya Baraza la Mawaziri yaliyowaacha nje maofisa wawili wa jeshi, Ndaw na Waziri Mkuu wake walikamatwa, na Goïta akashika uongozi wa nchi.

Hatua za Jumuiya za Afrika

Msimamo wa Afrika kuhusu mapinduzi ulianza kuwekwa katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliofanyika Algiers mwaka 1999, wakati Katibu Mkuu akiwa Mtanzania, Dkt. Salim Ahmed Salim, na kufafanuliwa katika Azimio la Lomé mwaka 2000. Kwa utaratibu huo, nchi inayopinduliwa husimamishwa kushiriki shughuli za umoja. Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala wa mwaka 2007 unakwenda mbali zaidi: waliopindua serikali hawaruhusiwi kugombea katika uchaguzi wa kurejesha utawala wa kiraia.

Hata hivyo, utekelezaji wake una mipaka. Umoja wa Afrika uliisimamisha Mali Agosti 2020, ukairejesha Oktoba mwaka huo, na miezi saba baadaye mapinduzi mengine yakatokea. Januari 2022, Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Afrika Magharibi (ECOWAS) ilifunga mipaka na kuzuia fedha za Mali katika Benki Kuu ya pamoja. Kwa nchi isiyo na bahari, inayotegemea bandari za Dakar na Abidjan, pigo lilimfikia kwanza mfanyabiashara na mlaji wa kawaida. Vikwazo viliondolewa Julai 2022, lakini tarehe 29 Januari, 2025 Mali, Burkina Faso na Niger zilijiondoa rasmi katika jumuiya hiyo.

Hali Ilivyo

Uchaguzi uliopangwa kufanyika Februari 2022, kisha Februari 2024, uliahirishwa. Vyama vya siasa vilivunjwa Mei 2025, na Julai mwaka huo Goïta akapewa muhula wa miaka mitano bila uchaguzi. Mwishoni mwa mwaka 2025, vikundi vyenye silaha vilishambulia misafara ya malori ya mafuta hadi shule zikafungwa kwa muda.

Malalamiko yaliyotangulia mapinduzi haya yalikuwa ya kweli: askari kukosa zana, ufisadi, na matokeo ya uchaguzi yasiyoaminika. Mwaka 1991 aliyeshika madaraka kwa silaha aliyarudisha kwa wapiga kura ndani ya muda mfupi. Baada ya mwaka 2020, raia wa Mali amebaki na vita ilivyokuwa, huku njia yake ya kuiwajibisha serikali, yaani kura na chama, ikiwa imeondolewa.