Fundi Anasema ni Sensa ya Oksijeni? Tulia Kwanza Kabla Utoe Doo

Kuna taa moja ya rangi ya chungwa kwa dashibodi ambayo imekula ganji ya wasee wengi. Ikiwaka tu unapeleka ndai gereji, fundi anachomeka mashine, anasoma namba, anakuangalia na huruma: "Boss, ni sensa ya oksijeni." Unakimbia Kirinyaga Road, unanunua spea, inafungwa, taa inazimwa. Wiki mbili baadaye imewaka tena. Sasa mgonjwa alikuwa nani?

Iko hivi. Sensa ya oksijeni imefungwa kwa bomba la eksozi, na kazi yake ni kunusa moshi na kuambia kompyuta ya gari ni oksijeni kiasi gani imebaki baada ya mafuta kuungua. Ikibaki nyingi, kompyuta inajua petroli ilikuwa kidogo, inaongeza. Ikibaki kidogo, inapunguza. Yaani sensa ni ya kuleta ripoti tu, na unajua vile mtu wa kuleta ripoti hulaumiwa kwa makosa ya wengine.

Kwa hivyo usikubali kuambiwa "ni sensa" bila kuonyeshwa namba. Ikiwa ni P0135, shida iko kwa saketi ya hita ya sensa ya mbele, maana sensa haifanyi kazi ikiwa baridi, inataka zaidi ya digrii 300. Angalia fyuzi kwanza. Kisha chomoa soketi, upime waya mbili za hita na mita, mara nyingi zina rangi moja. Ukipata ohm chache, hita ni mzima, tafuta shida kwa waya. Mita ikionyesha imekatika, basi sensa imeenda, nunua tu.

P0171 nayo ni story tofauti kabisa. Inasema hewa ni nyingi kuliko petroli, na hapo mara nyingi sensa inaongea ukweli. Tafuta paipu ya vakyumu iliyopasuka, sensa ya hewa iliyojaa vumbi, pampu ya mafuta iliyochoka, ama tundu kwa eksozi kabla ya sensa, lenye linavuta hewa ya nje.

Ya plagi ndiyo hushangaza watu. Plagi ikikataa kuchoma, petroli inatoka mbichi, lakini pia oksijeni ya hiyo silinda inatoka bila kutumika. Sensa haihesabu petroli, inahesabu oksijeni. Kwa hivyo inaripoti mafuta ni kidogo, kompyuta inaongeza, ndai inakunywa vibaya, na hiyo petroli mbichi inaenda kuungulia ndani ya katalaiza mpaka iyeyuke. Ukibadilisha sensa hapo, plagi inaendelea kukumaliza polepole.

Sensa yenyewe inapimwa injini ikiwa moto. Skana ndogo ya OBD2 ya kuunganisha na simu inatosha. Ile ya kawaida ya mbele hucheza kati ya volti 0.1 na 0.9, juu chini bila kutulia. Kanyaga mafuta ghafla, inafaa iruke karibu 0.9, achilia, ishuke. Ikikwama hapo 0.45 ama ipande kwa uvivu, imezeeka. Ya nyuma, baada ya katalaiza, inafaa itulie. Ikicheza kama ya mbele na namba ni P0420, cheki katalaiza. Hata cheki kama bado iko, kuna magari ilitolewa kitambo na mwenyewe hajui.

Chunga kitu moja: Toyota nyingi za siku hizi ziko na sensa aina ya A/F hapo mbele, na hiyo haichezi hivyo. Fundi akisema "haichezi, imekufa", muulize kwanza ni ya aina gani.

Na kama kweli imekufa, uliza nini iliiua. Injini inayokula oili, maji ya rejeta yanayovuja kupitia gasketi, ama silikoni ya bei rahisi iliyopakwa wakati wa kufunga injini, zote huiziba. Mpya itafuata njia hiyo hiyo. Ukinunua, linganisha namba ya spea na ya zamani, soketi iingie bila kukata waya. Sensa nyingi huvuta hewa safi kupitia ndani ya hizo waya, kwa hivyo ukiunga ovyo na tepu ama upake grisi kwa soketi, umeinyima pumzi.