Daktari akikuuliza umetoka wapi, usimtajie uwanja wa ndege

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe wa sauti kutoka Ulaya. "Shikamoo dada daktari," alianza mama mmoja, "mwaka huu tunataka kuja tena mwezi wa sita, njia ile ile ya mwaka jana. Mama mkwe anatusubiri delta. Ila safari hii nitakuwa na mimba ya miezi mitano. Unasemaje?"

Nitakuambia nilimjibu nini. Kwanza nikusimulie safari yao ya mwaka jana. Wameniruhusu, na nimebadilisha mambo madogo ili wasitambulike. Nakusimulia kwa sababu mume wake nusura afe, na hakufa kwa sababu muuguzi mmoja aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mume ni mzaliwa wa delta ya Rufiji, upande wa Kibiti, na ameishi Ulaya miaka kumi na moja. Mke amekulia Dar es Salaam. Walipanga likizo ya kiangazi cha huko kwa kutafuta tiketi za bei nafuu, na tiketi nafuu siku hizi ni ile inayokuzungusha. Walipita Istanbul saa chache, wakalala Addis Ababa usiku mmoja, wakaingia Zanzibar siku mbili, halafu Dar, Kibiti na delta. Kurudi wakapitia Muscat kwa dada yake mume, siku nne, kisha Istanbul tena siku mbili za kutembea mjini.

Shida ya kwanza ilitokea mapema. Ethiopia imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Tanzania humtaka msafiri mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi awe na kadi ya chanjo kama anatoka nchi hizo, au kama amesubiri ndege kwenye uwanja wa nchi hizo zaidi ya saa kumi na mbili. Wao walikaa Addis Ababa saa kumi na tano. Mume alikuwa na kadi, mke hakuwa nayo, wakakaa kwenye dawati la afya muda mrefu kuliko ile safari ya boti ya Nyamisati. Kumbuka kwamba Kenya na Uganda nazo zimo kwenye orodha hiyo. Chanjo huanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiiache hadi wiki ya safari. Habari njema ni kwamba tangu mwaka 2016 kadi haiishi muda, ukichanjwa mara moja inatosha maisha yako yote. Kama ni mjamzito, unanyonyesha mtoto mchanga, umepita miaka 60 au una ugonjwa unaopunguza kinga, zungumza na daktari kabla, maana chanjo hii ina virusi hai vilivyopunguzwa nguvu.

Hilo lilikuwa usumbufu tu. Kubwa lilikuwa delta.

Walipanda boti Nyamisati, wakaingia kwenye mikoko hadi kijijini. Ulikuwa wakati wa kuvuna mpunga. Anayeijua Rufiji anajua maana yake: watu wanahamia shambani na kulala kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, wakilinda mpunga dhidi ya nguruwe pori na viboko. Mume akasema hawezi kufika nyumbani baada ya miaka yote hiyo akalala kitandani kama mgeni. Akalala dunguni na kaka zake siku tatu. Chandarua kilibaki nyumbani kwa mama, juu ya kitanda cha mke.

Mke alikuwa akimeza vidonge vya kukinga malaria, vile vya kila siku, alivyoanza siku mbili kabla na kuendelea navyo siku saba baada ya kuondoka. Mume alikataa. "Mimi nimekua kwa mbu hawa," alimwambia. Kaka yake akampa vidonge vinne vya dawa mseto, ameze mara moja "kujiwekea kinga".

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu makosa yote mawili nayasikia kliniki kila mwezi.

Kinga ya malaria si kama ya surua, kwamba ukiugua mara moja umemaliza. Mtu aliyekulia Kibiti ana kinga nusu, aliyoijenga kwa kuumwa na mbu wenye vimelea tena na tena tangu utotoni. Haimzuii kuambukizwa, inampunguzia makali. Na inadumu kwa kuchochewa. Ukiondoka ukaishi mahali pasipo na malaria, inafifia, na baada ya miaka michache usijitegemee nayo. Huhitaji hata kuishi Ulaya. Aliyehamia Arusha mjini, mwanafunzi aliyekaa Mbeya, hata mkazi wa katikati ya Dar anayekwenda delta kwa msiba, wote wajihesabu wageni. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humo humo kwenye mikoko hadi ilipozamishwa Julai 1915, na malaria iliwatesa mabaharia wake pamoja na mizinga ya Waingereza. Mbu wa delta hamuulizi mtu pasipoti.

Na dawa mseto si kinga, ni tiba. Dozi ya mtu mzima ni vidonge vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, jumla 24, na humezwa na chakula chenye mafuta kidogo ili ifanye kazi vizuri. Vidonge vinne vya mara moja havikukingi. Kama una vimelea tayari, vinaweza kuwapunguza kwa muda tu, ukajiona mzima huku ugonjwa ukiendelea.

Turudi kwa wasafiri wetu. Kutoka delta walilala Kibiti usiku mmoja na Dar usiku mmoja, wakaruka kwenda Muscat. Wakala vizuri, wakacheka na dada. Siku ya kumi tangu ule usiku wa kwanza dunguni, wakiwa Istanbul, mume akaanza kutetemeka. Kichwa, mgongo, homa. Wakaenda kliniki moja ndogo karibu na hoteli. Daktari akauliza, "Mmetoka wapi?" Mume akajibu, kwa ukweli kabisa, "Muscat."

Akapewa dawa ya mafua, ya maumivu na antibiotiki. Dawa ya maumivu ikashusha homa kwa saa chache, na kwa saa hizo chache akapanda ndege.

Siku ya tatu ya homa, akiwa nyumbani kwake, macho yalikuwa ya njano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, na alikuwa akimwita mke wake kwa jina la dada yake. Hospitalini muuguzi wa mapokezi hakuuliza walikotoka. Aliuliza, "Katika miezi mitatu iliyopita mmelala wapi na wapi?" Mke akaanza kuhesabu kwa vidole: Istanbul, Addis Ababa, Zanzibar, Dar, Kibiti, delta. Hawakumwacha hata amalize, damu ikachukuliwa. Malaria kali. Alikaa chumba cha wagonjwa mahututi siku nne kwa sindano za artesunate, na figo zake zilichukua wiki kadhaa kurudi sawa.

Naijua hamu ya kumlaumu yule daktari wa kliniki. Mimi pia nilimlaumu, halafu nikakumbuka mara ngapi nimemuuliza mgonjwa "umetoka wapi" nikaridhika na jibu la neno moja. Vimelea vya malaria hii vikishaingia hukaa kwanza kwenye ini, kimya, bila dalili. Homa haiji kabla ya siku saba hivi. Kwa wengi huja kati ya siku ya tisa na ya kumi na nne, na kwa wengine hata baada ya miezi mitatu. Hesabu mwenyewe: msafiri anayekaa siku mbili hapa na siku nne pale, homa yake itamkuta nchi nyingine kabisa, mbele ya daktari asiyewahi kuona malaria.

Magonjwa mengine nayo yana saa zake. Dengue, iliyolipuka Dar mwaka 2014 na 2019, hujitokeza mapema zaidi, kwa kawaida siku nne hadi kumi baada ya kuumwa, na mbu wake huuma mchana. Kwa hiyo, ukiwa na homa ambayo haijajulikana, tumia parasetamo, achana na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, kwani zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Kichocho ndicho cha polepole kuliko vyote. Kwenye maji ya chumvi ya mikoko konokono wake hawaishi, lakini ukipanda juu kwenye mabwawa na mikondo ya maji baridi ya Rufiji, ukaoga au kuvua humo, pima mkojo miezi mitatu baadaye hata kama huumwi.

Kwa hiyo fanya hivi: kabla hujaondoka, chukua karatasi, iweke ndani ya pasipoti. Kila siku andika tarehe na ulipolala. Usiandike ulipopita, andika ulipolala, na kama ulilala bila chandarua andika hivyo hivyo. Homa ikija, mpe daktari karatasi hiyo kabla hajauliza, na useme kwa mdomo wako: "Nilikuwa eneo lenye malaria, naomba nipimwe leo." Kipimo kikisema huna na homa inaendelea, rudia baada ya saa 12 hadi 24, na tena mara ya tatu. Usiseme utapima ukifika nyumbani.

Mzazi unayewaleta watoto waliozaliwa nje kumwona bibi, wewe ndiye ninayekuwazia zaidi. Mtoto huyo hana hata ile kinga nusu. Kwake homa asubuhi inaweza kuwa degedege jioni. Vidonge vya kukinga vya watoto vipo na hupimwa kwa kilo, basi mpime uzito kabla ya safari, usimkatie kidonge chako kwa kisu. Na bibi aelezwe mapema, kwa heshima, kwamba mjukuu atalala ndani ya chandarua chenye dawa kuanzia magharibi, hata kama binamu zake bado wanacheza uani. Mtoto mwenye homa anayetapika kila kitu, anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayelegea au kushikwa na degedege, hasubiri boti ya kesho. Ulizeni mapema kijijini nani ana injini na mafuta.

Kuhusu kukaa kwenye kiti kwa muda mrefu nisikuchoshe: safari ya zaidi ya saa nne, iwe ndege au basi la kwenda Kampala, huongeza uwezekano wa damu kuganda mguuni, na safari nyingi fupi zilizofuatana hujumlishwa. Simama, tembea, kunywa maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali.

Sasa yule mama na mimba yake. Nilimwambia wasije delta mwaka huu. Mjamzito huvutia mbu zaidi, malaria humshika kwa ukali zaidi, na vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, mtoto akazaliwa njiti au na uzito mdogo, au mimba ikatoka. Vile vidonge alivyomeza mwaka jana kwa kawaida hatuvipendekezi kwenye mimba. Ipo dawa nyingine anayoweza kupewa akilazimika kusafiri, lakini kwenda kumsalimia mama mkwe si kulazimika, hata kama mama mkwe ataona vingine.

Na ameona vingine. Alinipigia mwenyewe kutoka kijijini, akasimama mahali penye mtandao, akaniuliza kama mimi nilizaliwa Ulaya. Nikamwambia nimezaliwa hapa hapa Pwani, na nilipokuwa na mimba sikulala dunguni hata siku moja. Akanyamaza. Halafu akauliza nauli ya kwenda Muscat ni shilingi ngapi.