Kabete si shule ya "daktari wa ng'ombe" tu

Kila msimu wa kuchagua kozi za vyuo vikuu ukifika, wazazi wetu wa Pwani huwa na orodha fupi: udaktari, uanasheria, uhandisi, ualimu. Kijana akisema anataka kusomea udaktari wa mifugo, huchekwa. "Ukawe daktari wa ng'ombe? Na ng'ombe wako wapi hapa Mombasa?" Ng'ombe wako buchani, mzee, na maziwa yake yako kwenye chai yako. Ndiyo maana nataka leo tuitazame shule inayowafundisha madaktari hawa, ilikotoka na inachofundisha.

Shule yenyewe ni Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoko Kabete, nje kidogo ya jiji. Mafunzo haya yalianzia Makerere, Uganda, kisha mwaka 1962 yakahamishiwa Kabete. Mwaka uliofuata kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikiwa na matawi matatu yaliyogawana kazi: aliyetaka kutibu watu alikwenda Makerere, aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, na aliyetaka kutibu mifugo alikuja Nairobi. Kwa hivyo madaktari wa mifugo wa Uganda na Tanzania wa miaka ile walisomea Kabete pamoja na Wakenya. Chuo hicho cha pamoja kilivunjwa mwaka 1970, kila nchi ikashika njia yake. Makerere na Morogoro wakafungua shule zao, na hapa Kenya Egerton nao baadaye wakaanza kufundisha fani hii.

Kabete haikuchaguliwa kwa bahati. Maabara ya serikali ya magonjwa ya mifugo ilikuwa hapo tangu enzi za mkoloni, na jirani yake, Muguga, kulikuwa na kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki nzima. Hapo Muguga ndipo Walter Plowright na wenzake walipotengeneza, karibu na mwaka 1960, chanjo bora ya sotoka. Sotoka ni ule ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji mikono mitupu, njaa ikafuata. Kisa cha mwisho kilichothibitishwa duniani kilionekana kwa nyati wa mbuga ya Meru mwaka 2001, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba ugonjwa umetokomezwa. Magonjwa mawili tu yamewahi kufutwa kabisa duniani, ndui na sotoka, na la pili lilishindwa kwa silaha iliyoundwa kwetu. Hili halisemwi vya kutosha mashuleni.

Masomo ya Kabete huchukua miaka mitano. Mwanzoni mwanafunzi hujifunza mwili wa mnyama ulivyojengwa na unavyofanya kazi. Na tofauti na daktari wa binadamu, yeye hana mwili mmoja wa kusoma. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, la farasi lina kimoja, na kuku ni mambo mengine kabisa. Kisha huja magonjwa, vimelea, dawa na sumu. Miaka ya mwisho ni ya upasuaji, uzazi na tiba yenyewe, na wanafunzi hutoka na walimu wao kwenda kwa wakulima wa maeneo ya jirani kutibu wanyama zizini. Wakulima wale aghalabu wana ng'ombe wa maziwa wa kisasa. Mimi naona hapo pana pengo. Kijana atakayeletwa kufanya kazi huku kwetu atakutana na zebu wa Waorma na Wardei, mbuzi, ngamia, na akifika Lamu, punda, ambaye ndiye gari la mji.

Somo linalotugusa zaidi ni la afya ya jamii. Mnyama hukaguliwa akiwa hai kabla ya kuchinjwa, na nyama hukaguliwa tena baadaye: mapafu, ini, tezi. Wako wanaodhani kwamba maadamu mnyama amechinjwa kwa bismillahi, basi yamekwisha. Kuchinja kihalali hakuui kifua kikuu wala mayai ya minyoo. Na sheria yetu yenyewe imetangulia katika jambo hili, kwani udhiya haukubaliki kwa mnyama mwenye chongo ya wazi, mgonjwa, kiguru au aliyekonda hadi mifupa. Huo nao ni ukaguzi.

Chukua homa ya Bonde la Ufa. Ilielezwa kisayansi mwaka 1931 na Daubney na wenzake, baada ya kondoo kufa kwa wingi karibu na Naivasha. Mvua kubwa zikinyesha, mbu huzaana mabondeni na kuwaambukiza mifugo. Binadamu huumwa na mbu hao, au hushika damu na vijusi vya wanyama wagonjwa. Mwisho wa 2006 ugonjwa ulilipuka Garissa, ukafika Tana River na Kilifi, na kabla ya kutulia mwaka 2007 zaidi ya watu 100 walikuwa wamefariki nchini. Ishara ya kwanza huonekana zizini: mbuzi na kondoo wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja. Akiwepo mtu wa kuitambua ishara hiyo, soko la mifugo hufungwa mapema na watu wakaonywa. Chanjo nayo hutolewa kabla ya mlipuko. Ukichanja ugonjwa ukiwa umeshaingia, sindano ile ile huweza kuubeba kutoka mnyama hadi mnyama.

Zamani kila aliyehitimu Kabete aliajiriwa na serikali moja kwa moja. Mpango huo ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1980, na wafugaji wa mbali ndio walioumia, kwani daktari wa kujitegemea hufungua duka mahali penye pesa. Katiba ya 2010 imekabidhi huduma za mifugo, machinjio na masoko ya wanyama kwa kaunti. Kwa hivyo swali la madaktari wangapi wako Tana River, Kwale au Lamu ni la kuulizwa magavana wetu na mabunge ya kaunti wakati wa bajeti, kabla mvua hazijaanza. Na mzazi ambaye mwanawe amefaulu vizuri Biolojia na Kemia, kabla ya kumcheka, amuulize kwanza kama yuko tayari kurudi nyumbani kufanya kazi hiyo.